Mzazi, usihesabu vishikwambi: kaa nyuma ya darasa

Ndugu Mhariri,

Msimu wa kutafuta nafasi za shule ya kati ukifika, matangazo ya shule hujaa picha za watoto walioinamia vishikwambi, na wazazi huanza kulinganisha: hii ina kimoja kwa kila mwanafunzi, ile ina chumba kimoja tu cha kompyuta. Hesabu hiyo haimwambii mzazi lolote la maana. Kitakachomsaidia ni kuomba kukaa nyuma ya darasa kipindi kizima, tena siku ya kawaida ya masomo, si siku ya kupokea wageni.

Nasema nyuma kwa sababu huko ndiko skrini zinakoonekana. Mwalimu aliyesimama mbele huona migongo ya kompyuta na nyuso zilizotulia tuli. Mtoto wa miaka 12 hubadili dirisha la mchezo likawa la somo kwa vidole viwili, kabla mwalimu hajapiga hatua ya tatu kumfuata. Shule zenye uzoefu hupanga meza kuzunguka kuta, watoto wakaelekea ukutani na skrini zote zikatazama katikati ya chumba. Mpangilio huo una kero yake, maana kila ubao unapotumika watoto hugeuza viti, lakini ni nafuu kuliko programu ya kumwonyesha mwalimu skrini 35 kwa mpigo. Anayekodolea macho skrini 35 hafundishi tena, amekuwa mlinzi.

Na usumbufu haubaki kwa anayecheza. Katika tathmini ya kimataifa ya PISA ya mwaka 2022, inayopima wanafunzi wa miaka 15, wastani wa asilimia 59 katika nchi za OECD, shirika la nchi nyingi tajiri linaloiendesha tathmini hiyo, walisema vifaa vya wenzao huwaondolea umakini katika angalau baadhi ya vipindi vya hisabati. Tathmini hiyohiyo ilionyesha kuwa waliotumia vifaa kujifunzia shuleni hadi saa moja kwa siku walipata alama za juu kuliko wasiotumia kabisa. Kwa hiyo shule inayojisifu kwamba haina skrini hata moja nayo iulizwe maswali.

Ukishakaa, tazama saa yako. Tangu mwalimu aseme “fungueni” hadi mtoto wa mwisho aione kazi, zimepita dakika ngapi? Watoto 35 wakiingia mtandaoni kwa pamoja kupitia kisambaza waifai kimoja, mtandao hulegea. Watatu wamesahau nywila, wawili betri zimekata. Dakika 8 zikipotea hivyo katika kila kipindi cha dakika 40, somo lenye vipindi 5 kwa wiki limepoteza kipindi kizima. Dawa zake ni ndogo ndogo: kabati la kuchajia linalofungwa usiku, kila kifaa na namba yake, vifaa vitatu au vinne vya akiba vyenye chaji, na kazi ya karatasi iliyo tayari mtandao ukikatika. Uliza hasa hilo la mwisho. Mwalimu asiye na mpango wa pili huanza kuhangaika na nyaya, na darasa linakuwa soko.

Kisha angalia skrini zinafanya nini. Programu nyingi za mazoezi huuliza swali lenye majibu manne, na mtoto akikosea humwambia ajaribu tena. Basi hubonyeza la kwanza, la pili, la tatu, mpaka rangi ya kijani itokee. Hata akibahatisha tu, mabonyezo hayazidi manne. Mwisho wa wiki ripoti humwonyesha mzazi kuwa amemaliza mazoezi yote, na ni kweli ameyamaliza. Hisabati ndiyo huumia zaidi. Katika umri huu mtoto anaingia kwenye aljebra: akihamisha −3 upande wa pili bila kubadili alama, skrini itamwambia jibu si sahihi, basi. Daftari ndilo linalomwonyesha mwalimu kwamba kosa liko mstari wa pili. Mzazi aombe kuona madaftari matatu ya wanafunzi wa kawaida, si ya yule wa kwanza darasani. Yakiwa matupu tangu muhula uanze, kishikwambi kimechukua nafasi ya kalamu.

Matumizi mazuri nayo huonekana waziwazi. Watoto wamepima kivuli cha mti kila saa, wanaingiza vipimo kwenye jedwali la kompyuta, wanaandika fomula ya wastani wenyewe, kisha wanabishana kwa nini mchoro umepinda. Hapo kompyuta inafanya kazi ambayo karatasi ingeifanya kwa tabu. Insha zinazochapwa nazo hazina ubaya, mradi rasimu ya kwanza iandikwe darasani kwa mkono. Bila hivyo hakuna wa kujua ni kazi ya mtoto au ya akili mnemba.

Kuhusu simu, kauli ya “haziruhusiwi” haitoshi. Ufaransa ilizipiga marufuku kwa sheria mwaka 2018 hadi ngazi hii ya kati, na Uholanzi ikaziondoa madarasani sekondari kuanzia Januari 2024, lakini kila shule bado hubaki na swali la zinakaa wapi. Ikibaki ndani ya begi, inatetemeka na mwenyewe anaisikia. Sanduku lenye vijumba vyenye namba, likakusanywa asubuhi na kufungwa, linafanya kazi, ila mwenye kukusanya awashe kila simu: watoto hukabidhi simu mbovu ya zamani na kubaki na ile nzima mfukoni. Simu iliyobaki mfukoni hugawa intaneti yake kwa kompyuta ya shule, na kichujio cha kuzuia tovuti zisizofaa kilichowekwa kwenye waifai ya shule hakizuii kitu. Saa janja zihesabiwe pamoja na simu.

Pawepo pia orodha ya wasioguswa na katazo. Mtoto mwenye kisukari ambaye kipimo chake cha sukari husomeka kwenye simu hapaswi kuacha simu hiyo sandukuni, wala asiyeona vizuri kunyang’anywa kishikwambi anachokuzia maandishi. Shule isipotaja watoto hawa kwenye kanuni zake, uwezekano ni kwamba ilinakili kanuni hizo mahali.

Jambo ambalo wazazi hawaliulizi kabisa ni akaunti za mtoto na taarifa zake. Kifaa cha shule kinachokwenda nyumbani huwa na programu ya uangalizi. Je, huzimika baada ya masomo au huendelea kutazama hata mtoto akiwa chumbani kwake? Nani anaweza kuwasha kamera? Mtoto akihama, kazi zake na kumbukumbu zake hufutwa baada ya muda gani? Barani Ulaya sheria ya data hutaka idhini ya mzazi kwa huduma nyingi za mtandaoni kwa walio chini ya miaka 16, na nchi inaweza kushusha umri huo hadi 13. Wanafunzi wengi wa shule ya kati wako chini ya mpaka huo, ilhali fomu ya usajili mara nyingi huwa na mstari mmoja wa kutia saini unaoruhusu kila kitu. Omba majina ya programu hizo kwa maandishi, na tarehe ya kufuta. Mstari huohuo huficha pia nani hulipa skrini ikipasuka, na kwa watoto wa umri huu skrini hupasuka.

Ombi langu kwako, Mhariri: tangazo la shule likija na idadi ya kompyuta, liulizwe pia dakika ngapi kwa siku mtoto hukaa mbele ya skrini, na katika masomo yapi.

Mwalimu wa somo la kompyuta