Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kasha, fanfari, Lupopo na jezi namba 2

Bapapa na bamama, vijana wa fanfari, ndugu wanachama wote wa chama chetu cha mashabiki wa Mazembe mliofika leo hapa Kamalondo, Lubumbashi,

Karibuni. Katiba yetu inamtaka mwenyekiti aeleze mwaka ulivyokwenda kabla ya wanachama kuuliza maswali. Najua wengi mmekuja na jambo moja tu moyoni: Lupopo, wapinzani wetu wa mji huu huu. Tangu tujue tutakutana nao Jumapili kwenye kombe, hakuna hata mmoja aliyeniuliza tena habari za kotizasyo, yaani michango. Tutafika huko, ila mambo ya nyumbani yatangulie.

Kasha la chama halijakauka, lakini halijanona pia. Mweka hazina atasoma hesabu nikimaliza, faranga na dola, na karatasi zake ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuzipekua. Mimi naongeza neno moja. Walio nyuma na michango si wale wenye shida. Mama anayeuza makala (makaa) sokoni hulipa mwezi haujaisha, na bwana mwenye kazi nzuri mgodini ndiye anayetupiga chenga. Sitaji jina. Akitaka kusimama mwenyewe, asimame.

Matanga yalikuwa mengi mwaka huu. Kila msiba wa mwanachama chama kilifika na mchango, na viti, na watu wa kukesha. Kijana akiniuliza chama hiki kinafanya nini zaidi ya kupiga kelele uwanjani, mimi humwambia akaulize wajane. Fanfari nayo imepata ngoma mpya na tarumbeta moja ambayo si mpya lakini inalia. Majirani wamelalamika kuhusu mazoezi ya usiku, na wana haki. Kuanzia sasa mazoezi yanakwisha saa mbili usiku, hata kama wimbo haujaingia sawa.

Timu ikicheza Kinshasa, sisi hatuendi. Barabara ya kutegemea haipo, na tiketi ya ndege inamaliza mshahara wa mtu. Kwa hiyo tulitazama pamoja ukumbini, na umeme ulipokatika tuliwasha jenereta. Mara moja tu mafuta yaliisha, penalti ikiwa haijapigwa. Aliyepewa kazi ya kununua mafuta anajijua. Mimi nimemsamehe. Wamama bado.

Ni katika mojawapo ya jioni hizo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo limeichukua komite muda kuliko hesabu zote, na ndilo ninalotaka kulieleza kwa urefu. Tulikuwa tunangoja umeme urudi. Vijana wakawa wanapokezana simu wakitazama video, wakicheka mpaka machozi. Nikaomba nione. Ilikuwa Zaire, jina la nchi yetu wakati ule, na Brazil, Kombe la Dunia la 1974. Brazil wamepewa frikiki, wanajipanga, Rivelino yuko karibu na mpira. Refa anapuliza filimbi, na beki wa Zaire mwenye namba 2 mgongoni anatoka ukutani mbio na kuupiga mpira mbali kabisa. Wabrazili wanashangaa. Refa anatoa kadi ya njano. Nikawauliza wale vijana, mnamjua huyo? Mmoja akajibu, ni Mzaire mmoja asiyejua sheria za mpira. Aliyejibu alikuwa amevaa jezi yetu, nyeusi na nyeupe.

Huyo Mzaire ni Mwepu Ilunga. Beki wa Mazembe. Mtu wetu.

Nilileta jambo hilo kwenye komite, nikapendekeza kwamba katika mechi ya kombe mwaka huu tubebe bango lake. Mjadala haukuwa mdogo. Wengine walimtaka Pierre Kalala Mukendi, na nani angewapinga? Ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya Kombe la Afrika mwaka 1968 kule Addis Ababa, Congo 1, Ghana 0. Wengine wakamtaka Tshimen Bwanga, mchezaji bora wa Afrika wa 1973. Vijana walimtaka Kidiaba, yule golikipa aliyekuwa akishangilia kwa kukaa chini na kurukaruka kwa makalio, aliyelinda goli letu Abu Dhabi tarehe 18 Desemba 2010, siku klabu ya Afrika ilipocheza fainali ya dunia ya vilabu kwa mara ya kwanza. Inter Milan walitufunga 3-0, sawa, lakini kabla ya hapo Pachuca na Internacional ya Brazil walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani kwa mikono yetu.

Hoja yangu ilikuwa kwamba hao wote heshima wanayo. Ukimtaja Kalala mbele ya mzee yeyote wa mji huu, mzee huketi sawasawa. Kidiaba bado anaigwa na watoto mitaani. Mwepu peke yake ndiye anayejulikana dunia nzima na bado hatambuliki nyumbani. Kila Kombe la Dunia linapokaribia, kile kipande cha video hurudi, na watangazaji wa nchi nyingine hucheka: tazameni Waafrika wale wa zamani, walikuja bila kujua mchezo wenyewe.

Walikuja bila kujua? Timu ile ilikuwa bingwa wa Afrika. Miezi mitatu kabla ya safari ya Ujerumani walikuwa Kairo, wakaifunga Zambia 2-0 katika fainali iliyorudiwa baada ya sare ya 2-2. Zambia hao hao wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, ambao hadi leo wakija kununua vitu hapa hawapendi kukumbushwa. Ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Walipocheza na Scotland walifungwa 2-0 tu. Matokeo hayo ya kiasi yaliwaumiza Waskoti baadaye, kwa sababu walitolewa bila kupoteza hata mechi moja, kwa tofauti ya mabao: Brazil walikuwa na matatu ya ziada, wao mawili.

Baada ya mechi ile ya kwanza mambo yaliharibika, na si kwa miguu. Wachezaji waliona kwamba pesa walizoahidiwa hazitawafikia. Walitaka kugoma. Wakaingia uwanjani dhidi ya Yugoslavia na mioyo iliyokwisha kuvunjika, wakafungwa 9-0. Kisha, kama walivyosimulia wenyewe miaka mingi baadaye, wakaja watu wa rais na onyo: mkifungwa na Brazil zaidi ya mabao matatu, msifikirie kurudi nyumbani. Sasa jiweke wewe katika viatu vya beki. Mbele yako yuko bingwa wa dunia, na anahitaji mabao, kwa sababu bila matatu hasongi mbele. Nyuma yako iko familia. Saa inakwenda polepole kuliko siku zote.

Mwepu alieleza alipokuwa mtu mzima kwamba sheria alizijua vizuri sana. Alifanya makusudi. Alikuwa na hasira na wale walioketi majukwaani wakila matunda ya jasho lake, na kama angepewa kadi nyekundu asingelia. Wengine husema alikuwa anakula dakika tu. Mimi naona vyote viwili vinakaa pamoja: mtu anaweza kuwa na hasira na hofu kwa wakati mmoja. Mechi iliisha 3-0. Hesabu ilikuwa ileile waliyotajiwa. Walirudi.

Mzee mmoja wa komite, ambaye ninamheshimu, alipinga. Akasema, mwenyekiti, unatuletea malaika, lakini mechi ya Yugoslavia unaipita haraka. Ana haki, na taarifa hii isingekuwa safi kama ningeificha. Katika mechi ile, golikipa wetu Robert Kazadi, naye wa Mazembe, alitolewa nje yakiwa mabao 3 na nusu ya kwanza haijafika katikati vizuri. Katika mzozo uliofuata bao lililokuja, mtu alimpiga refa teke kwa nyuma. Refa kutoka Colombia alimtoa Ndaye Mulamba kwa kadi nyekundu. Ndaye hakuwa ameguza mtu. Aliyepiga teke ni Mwepu, na baadaye alikubali mwenyewe.

Ndaye alikuwa wa Vita Club ya Kinshasa. Kwa hiyo mzee akauliza: tukibeba bango la Mwepu, watu wa Kinshasa watasema nini? Nikamjibu kwamba watasema kweli, na sisi tutakubali. Yule mtu alikuwa na kichwa cha moto. Lakini kichwa cha moto si ujinga, na kinachochekwa kwenye simu zenu ni ujinga ambao hakuwa nao. Tukapiga kura. Mwepu alipita, si kwa kura nyingi. Mzee alishindwa, na ndiye aliyejitolea kununua kitambaa.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani ndilo lililonisukuma zaidi. Mwepu alifariki Kinshasa mwezi wa tano 2015. Kalala naye alituacha mwaka huohuo. Kisha Novemba Mazembe ikachukua kombe lake la tano la vilabu vya Afrika mbele ya USM Alger, hapa hapa Lubumbashi, Mbwana Samatta wa Tanzania akafunga, na mji mzima haukulala. Furaha ya Novemba ilifunika msiba wa Mei. Sisi ambao hatukosi tanga la jirani, tanga lile lilitupita.

Basi, Jumapili. Mechi iko kwenye uwanja wa Kibassa Maliba, komini ya Kenya hapa mjini kwetu, na ni moja tu, haina marudiano. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Kwenye ligi Lupopo wakikufunga leo unasema tutaonana. Kwenye kombe hakuna kuonana. Nimesikia vijana wakisema tutashinda 4, nimesikia hata 5. Mimi nimewaona Lupopo miaka mingi, na ninawaambia: timu ya watu wa reli haipendezi wakati wote, lakini ikiingia katika derbi inakimbia kama inakimbizwa. Wakitufunga bao la mapema, uwanja ule utakuwa wa njano na buluu mpaka mwisho. Fanfari isinyamaze hapo. Hapo ndipo inapotakiwa. Mwaka jana mlipiga kwa nguvu tukiwa mbele na mkanyamaza tulipofungwa, na mimi naona ngoma ya hivyo haina kazi.

Mawe sitaki. Timu hizi mbili zilizaliwa mwaka mmoja, 1939, moja kwa watawa Wabenediktini waliotaka wanafunzi wao wacheze, nyingine upande wa watu wa reli. Katika chama hiki hiki kuna nyumba ambamo baba ni wa kunguru, yaani Mazembe, na mama ni wa Lupopo, na watoto wamegawana kama shamba. Mmoja wenu ameniambia kwamba wiki hii kwake bukari (ugali) inapikwa lakini mboga haipikwi, mpaka mechi ipite. Yaishie hapo. Atakayerusha jiwe atatoka chamani siku hiyohiyo, na mimi ndiye nitakayemsindikiza. Matusi kwa watu wa reli nayo basi. Mtanieni mtu kuhusu mabao, si kuhusu kazi ya baba yake.

Tunaondoka kwa miguu kutoka hapa baada ya misa ya pili. Bango la Mwepu litakuwa mbele: jina lake, namba 2, na 1974. Hakuna picha ya ule mpira. Wako waliotaka tuchore, nikakataa, kwa sababu picha hiyo dunia inayo tayari. Litabebwa na vijana wawili, na mmoja wao ni yule aliyeniambia kwamba ni Mzaire asiyejua sheria. Tangu jioni ile ametafuta mechi nzima akaitazama yote, dakika 90, na sasa ananifundisha mimi. Juzi alinionyesha jinsi Mwepu alivyokuwa akimfuata winga wa Brazil upande wake kipindi cha kwanza. Kumbe alikuwa beki mzuri. Nilikuwa nimesikia kwa wazee, sikuwa nimeona.

Kuhusu uchaguzi wa komite, muda wetu unamalizika mwezi ujao. Mimi nitagombea tena, isipokuwa Jumapili ikienda vibaya sana. Wanaotaka nafasi ya katibu waandikishe majina kwa katibu wa sasa, ambaye amechoka na amesema hivyo kila mkutano. Viti vya chama vilivyoazimwa kwa arusi na havijarudi, virudi.

Sasa mweka hazina asome hesabu. Baada yake maswali, na swali la Lupopo nitalijibu mara moja tu.