Ushauri wa dawa usianzie kwenye slaidi

Mhariri,

Naomba nafasi niijibu makala yenu iliyowahimiza wahitimu wa biolojia, kemia na famasia wakimbilie kampuni za ushauri elekezi katika sekta ya dawa. Mwandishi amesifia mishahara na safari. Sina ugomvi na hayo. Ila ameandika kana kwamba asiyekwenda huko amebakiwa na maabara, au mkoba wa kuzungusha sampuli kwa madaktari. Sisi wa usajili wa dawa, tunaoziombea dawa kibali cha kuuzwa, ametuweka wapi?

Jalada la kuombea usajili lina sehemu tano: matakwa ya nchi husika, muhtasari, ubora, majaribio ya maabara na wanyama, kisha majaribio kwa binadamu. Niseme ya ubora tu, maana ndiyo ninayoshinda nayo. Vidonge huwekwa kwenye chumba chenye nyuzijoto 40 na unyevu wa asilimia 75 kwa miezi sita, vikipimwa kama vimepungua nguvu au vimezalisha kemikali zisizotakiwa. Mkemia anapima, mtakwimu anakadiria dawa itadumu muda gani, msajili anaandika na kujibu hoja za mamlaka ya kudhibiti dawa. Na hoja hizo, jamani! Kilele kimoja kisichoelezeka kwenye grafu ya vipimo kinatosha kurudisha jalada zima mezani.

Wapo pia wa usalama wa dawa. Mshiriki wa jaribio akifariki kwa madhara yasiyotarajiwa yanayoshukiwa kutokana na dawa, mamlaka ipate taarifa ndani ya siku saba, iwe sikukuu isiwe sikukuu. Kazi hiyo inamfaa sana muuguzi au tabibu aliyechoka zamu za wodini lakini hajachoka kusoma mafaili ya wagonjwa.

Sisemi ushauri elekezi ni kazi ya ovyo. Kijana huona kampuni nyingi kwa muda mfupi na hujifunza kuongea na wakubwa bila kutetemeka. Lakini nimewahi kukaa na mmoja, mwerevu kweli, aliyetuletea mpango wa kuhamishia uzalishaji wa dawa kwenye kiwanda kingine ndani ya robo mwaka. Gharama zilikuwa zimepangwa vizuri kabisa. Vidonge vya kiwanda hicho kipya vilikuwa havijaingia hata kwenye chumba cha joto, na hakuna mamlaka iliyokuwa imeombwa kibali cha mabadiliko. Simlaumu yeye, nawalaumu waliomtuma kabla hajawahi kushika jalada.

Kwa hiyo ninayemshauri mimi aanze kwenye udhibiti ubora, usajili au usalama wa dawa, akae miaka kadhaa, ndipo afikirie ushauri. Na mwandishi akirudi kwenye mada hii, naomba awaulize wakuu wa kampuni hizo humtafuta nani, mteja wao anapotumiwa hoja na mamlaka. Simu za namna hiyo huwa zinatufikia sisi huku.

Msajili wa dawa