Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hamira, Risasi na Visima Vyetu

Assalam aleikum na hamjambo ndugu wanachama,

Mambo ya hesabu na ada mhazini atawasomea mwenyewe siku ya mkutano, mimi nataka kuongea ile kazi ya kutumia kuvu, kama hamira, kupima risasi (ile metali ya sumu, si ya bunduki) kwa maji ya visima, manake ndio iliyotuchukulia muda mwingi mwaka huu na ndio naona itawafaa watu wetu.

Shida yetu mnaijua. Mtu wa Jomvu au Mikindani analeta maji ya kisima anauliza yana risasi ama hayana, na ana haki ya kuuliza, Owino Uhuru, ule mtaa uliochafuliwa na risasi, iko hapo hapo, kile kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa 2014, mahakama ya mazingira hapa Mombasa 2020 ikaamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu. Sasa Shirika la Afya Duniani linasema risasi kwa maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita, na mashini ya moto tunayotumia (inapuliza maji kwa moto na kusoma mwanga unaomezwa na metali), kiwango kidogo hivo haikioni vizuri. Tena visima vingi vya pwani vina chumvi na chumvi inavuruga kipimo.

Hapo ndio hamira inaingia, hii hii ya mahamri. Ganda la seli zake lina vikundi vya kemikali, fosfati na kaboksili, vinavyoshika risasi, kadmi na shaba, huku sodiamu ya chumvi ikipita zake. Na si lazima iwe hai, iliyokufa ndio bora, hailishwi na sumu haiwezi kuiua mara ya pili. Tunaikausha kwa oveni, tunaisaga, tunaichanganya na unga wa silika, tunaipakia kwa mrija wa kioo wenye pamba chini. Nusu lita ya maji inapita tone kwa tone, halafu risasi inatolewa kwa mililita 10 za asidi iliyozimuliwa, ishakuwa nzito mara 50 na mashini inaiona.

Lakini pH jamani, kile kipimo cha asidi na alkali! Asidi ikizidi, haidrojeni inakalia nafasi zote risasi inapita bure, alkali ikizidi risasi inaganda yenyewe kabla haijafika kwa hamira. 5 au 6 hivi ndio pazuri, na mwenye haraka hapa majibu yake yatayumba tu. Mama mwenye watoto wadogo hatuwezi kumpa jibu linaloyumba, kwa hivo kila sampuli iende na pacha wake aliyetiwa risasi tunayoijua kipimo, tuone inarudi yote ama inapotea njiani.

Mwaka ujao naomba tuingie kwa kromiamu, metali nyingine yenye aina mbili majini, kromiamu 6 na kromiamu 3. Ile ya 6 ni sumu kuliko ya 3 na mashini peke yake inazijumlisha, kuvu ukiipangia pH inaweza kuzitenganisha. Pia tujaribu Aspergillus niger, ule ukungu mweusi.

Chupa zilizooshwa kwa asidi ziko kwa katibu, maji yaliyoletwa kwa chupa ya soda hatutayapokea.