Shukrani kwa Dada wa Daftari

Kwa dada niliyemkuta katika upigaji wa filamu ndefu huko Bagamoyo, ambaye hata jina sikuwahi kumuuliza: nakushukuru kwa dhati. Nilikuja kubeba taa na nyaya, nikidhani kwamba filamu ni kazi ya mwongozaji, mpiga picha na waigizaji, na kwamba wewe uliyekaa pembeni na daftari ulikuwa karani tu. Ni wewe uliyenieleza kwa subira kwamba matukio hayapigwi kwa mfuatano wa hadithi, hivyo sharti awepo mtu anayekumbuka glasi ilishikwa kwa mkono upi na ilikuwa na maji kiasi gani, la sivyo mhariri atapokea vipande visivyoungana. Ulinifunza pia kwamba kibao kinachogongwa mbele ya kamera (nami nilidhani ni mbwembwe) husaidia kulinganisha sauti na picha, ambazo mara nyingi hurekodiwa kwa vyombo tofauti. Siku niliyosogeza kiti kabla tukio halijarudiwa, ulikirudisha mahali pake kimyakimya, bila kunishtaki kwa msaidizi wa mwongozaji. Sasa daftari hilo nalishika mimi.