Picha moja ya kifua isimhukumu mtu kuwa ana saratani

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Ila ile makala yenu ya saratani ya mapafu imenitonesha kidonda. Mmeandika kwamba anayekohoa damu, anayekonda na aliyeonekana na kivuli kwenye picha ya kifua ajue tayari ana saratani. Basi nisikilizeni.

Kaka yangu ni mkulima wa viazi huku Isongole. Mwaka 2012 aliugua TB, akameza dozi ya miezi sita, akapona. Mwaka 2021 kikohozi kikarudi, akakonda, mwisho akatema damu. Makohozi yalipopimwa, TB hakuna. Akapigwa eksirei, likaonekana donge sehemu ya juu ya pafu la kulia. Daktari akaiinua picha dirishani akatamka saratani, tena koridoni, mabenchi yamejaa watu, shemeji yangu amesimama na chupa ya uji mkononi. Hakuna aliyeuliza kama mgonjwa aliwahi kuugua TB. Hakuna aliyetaja kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha pafu, kikapimwe. Tukaambiwa tumrudishe nyumbani tumpe anachopenda kula. Kaka akasusa chakula. Akagawa shamba, akawaita wanawe akawaonyesha pa kumzika, nyuma ya migomba. Tukauza ng'ombe wawili wa maziwa tukampeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, si kwa kuwa tulikuwa na tumaini, ila isije ikasemwa tulimtelekeza.

Kule swali la kwanza lilikuwa: "Mzee, uliwahi kuumwa TB?" Wakampiga siti skani, ile picha ya kompyuta inayoonyesha ndani ya mwili, amelala chali, kisha amelala kifudifudi. Donge likahama ndani ya shimo lake! Tukaelezwa kwamba uvimbe wa saratani kwa kawaida hauhami hivyo. Kumbe TB ilimwachia shimo pafuni, na fangasi waitwao aspajilasi wameota humo wakajiviringa kama mpira. Mbegu zao zimo kwenye vumbi la mahindi yaliyovunda na majani yanayooza. Sote tunazivuta, ila pafu lenye afya huzifagia. Wakapima kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya fangasi hao, kwenye damu, wakapitisha mrija hadi pafuni, wakachukua majimaji na kinyama. Fangasi walikutwa, seli za saratani hazikukutwa. Akaanzishiwa vidonge vya itrakonazo kwa miezi mingi. Leo yuko shambani.

Sisemi saratani haipo. Ipo, na wapo waliomezeshwa dawa za TB miezi na miezi huku saratani inasambaa, na hilo nalo linaniuma. Hata fangasi wengine, wanaoota kwenye kinyesi cha popo na cha ndege, huacha vinundu pafuni ambavyo kwenye picha hufanana na saratani. Ndiyo maana nasema kinyama kipimwe kwanza, ndipo mtu aambiwe jina la ugonjwa wake. Na aambiwe chumbani, mlango umefungwa.

Jambo jingine ni picha za zamani. Daktari wa Dar alitaka ile ya 2012 aone kama shimo lilikuwapo tangu wakati ule. Tulipoifuatilia tulikotibiwa, tukajibiwa zilishatupwa. Picha ya kifua cha mtu inatupwaje? Napendekeza kila anayemaliza dozi ya TB akabidhiwe picha yake ya mwisho ndani ya bahasha ngumu ya kaki, juu yake kuandikwe kwa kalamu nene mwaka na upande wa pafu lililougua, naye aitunze pamoja na cheti cha ubatizo na hati ya shamba. Akianza kukohoa tena, aje nayo, na muuguzi asimpokee kabla hajaiulizia.

Nanyi chapisheni sahihisho ukurasa uleule wa makala ile, kwa herufi za ukubwa uleule. Kuna mtu huku Rungwe amelisoma gazeti lenu na sasa hivi anagawa shamba.

Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Mbeya