Ripoti ya ajali ya ndege ya mafunzo tutaisoma lini?

Kwa Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia, lakini habari yenu kuhusu ile ndege ya mafunzo ya jeshi iliyopata ajali ikitua imenifanya nishindwe kunyamaza. Mlitwambia kwamba uchunguzi umeanza, na tangu hapo hamkuandika tena hata mstari mmoja.

Kwa mwanafunzi wa urubani, kutua ndiko kugumu zaidi, kwa kuwa ndege imepunguza mwendo na ardhi iko karibu, na kosa ambalo juu angani mkufunzi angelirekebisha kwa utulivu, hapo halina muda wa kurekebishwa. Najua Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa unaohusu usafiri wa anga wa kiraia, katika kifungu cha 3, huziacha nje ndege za jeshi, kwa hiyo ule utaratibu wa kutoa ripoti ya awali ndani ya siku 30 baada ya ajali hauwabani wanajeshi. Lakini kutobanwa si kukatazwa. Ndege ya mafunzo aina ya Hawk ilipoanguka katika kambi ya jeshi la anga ya Valley, Wales, mwezi Machi 2018, rubani akifanya zoezi la kurudi kutua kana kwamba injini imezima, fundi aliyekuwa naye alifariki, na mwaka uliofuata Uingereza ilichapisha ripoti nzima, ikataja hata uchovu wa rubani. Jeshi lao halikuvunjika heshima kwa hilo.

Mimi ni mkazi wa Magongo, jirani na Uwanja wa Ndege wa Moi. Jioni moja nilikuwa nikianua nguo, ndege ndogo ikapita chini mno, ubawa mmoja umeinama na injini ikikatikakatika, hata watoto waliokuwa wakicheza mpira wakauacha na kukimbilia msikitini. Kulipokucha nilikwenda katika ofisi moja inayohusika, nikaambiwa niandike barua. Nikaiandika, ikapigwa muhuri, na nakala yake ninayo hadi leo ndani ya sanduku la vyeti, ila jibu sikulipata, na nilipofuatilia niliulizwa mimi ni nani hata nitake kujua mambo ya ndege. Mimi ni mtu ambaye ndege hizo hupita juu ya paa lake na juu ya wanawe! Na si ndege peke yake zinazonitia hofu, kwa kuwa majaa ya taka yameachwa yazagae mitaani huku, na penye taka pana kunguru, nao hupaa makundi kwa makundi katika anga ileile ambamo marubani wanashuka. Mwaka 2024 tulitangaziwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja, lakini taka zinazowalisha bado zipo, na ndege mmoja tu akiingia kwenye injini anaweza kuizima.

Naiomba Wizara ya Ulinzi itoe muhtasari wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, baada ya kila ajali ya ndege ya mafunzo, ueleze kilichoharibika na kilichobadilishwa, bila kutaja siri za jeshi wala jina la mwanafunzi, na usomwe katika baraza la chifu la kila mtaa unaopakana na uwanja wa ndege. Nanyi, Mhariri, kila Jumatatu chapisheni katika ukurasa wa pili tarehe ya ajali hiyo na neno "haijatolewa", mpaka siku ripoti itakapotoka.

Mkazi wa Magongo,
Mombasa