Yah: Kebo za mtandao kupitishwa paipu moja na nyaya za umeme nyumbani kwangu

Mteja wenu,
Tabata, Dar es Salaam.

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Wiki tatu zilizopita mafundi wenu wawili walikuja kuniunganishia intaneti ya faiba. Kazi ya kutoka nguzoni hadi sebuleni sina ugomvi nayo. Uzi wa faiba ni kioo, haupitishi umeme, ingawa ule waya wa chuma unaoushikilia ungekatiwa nje badala ya kuingizwa mpaka nyuma ya televisheni. Ninacholalamikia ni kebo mbili za shaba nilizolipia pembeni, shilingi 60,000 kila moja, kutoka kwenye ruta hadi chumba cha kazi na chumba cha mwanangu.

Siku hiyo nilikuwa kazini, nyumbani yupo mama mkwe. Alipouliza kebo zitapita wapi alijibiwa, "Paipu zipo tayari ukutani, mama, hatutakuchafulia nyumba." Kweli hawakuchafua. Walizivuta ndani ya paipu zilezile zenye nyaya za soketi.

Jumamosi fundi wangu wa umeme alifungua soketi ya chumba cha mtoto iliyokuwa imelegea, akaniita nishuhudie. Ganda la kebo yenu limechunika urefu wa kidole pale lilipokwaruzwa na mdomo wa paipu, na nyaya mbili za ndani shaba iko wazi. Kando yake, upana wa kucha tu, kuna skrubu ya waya wa moto. Picha nimeambatanisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kompyuta ya chumba kile ilikuwa inasoma kasi ya megabiti 100 kwa sekunde wakati ruta inatoa 1,000: kebo ile ina jozi nne za nyaya, na kasi hiyo inazitaka zote nne. Mara tatu nilipowapigia mliniambia nizime ruta niwashe.

Jumatatu msimamizi wenu alinijibu kwamba umeme wa kebo ya intaneti ni mdogo, hauna madhara. Ndugu Meneja, tatizo ni hilohilo. Kwa kuwa umeme wake ni mdogo, ganda lake halikutengenezwa kuhimili volti 230. Siku waya wa moto utakapogusa ile shaba, umeme utafuata kebo hadi kwenye kile kiplagi cha plastiki ambacho mwanangu wa miaka tisa hukichomeka na kukichomoa kila siku, na ambacho vishaba vyake viko wazi. Saketi breka ya ampia 20 haitaruka, maana sehemu ya kumi ya ampia moja inatosha kuua mtu. Tena, anayefungua boksi la soketi anafanya kazi ya umeme, na kazi hiyo inataka leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Naomba kujua kama vijana wenu wanayo.

Kasi sidai. Nataka kebo hizi zitolewe na zipitishwe upya kwenye tranki (mifereji ya plastiki yenye kifuniko) zake zenyewe juu ya ukuta, ziachane na nyaya za umeme sentimita 20 zinapokwenda sambamba, na pasipokwepeka zikatize kwa pembe mraba. Ziwe na maboksi yake. Shilingi 120,000 zangu zirudi, na gharama ya fundi aliyegundua kosa mlipe ninyi.

Mafundi haohao waliunganisha nyumba mbili nyingine za mtaa wetu siku ileile. Hizo zikaguliwe kabla ya yangu, kwa sababu wenyewe hawajui kilichomo ukutani.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku saba, nitalipeleka suala hili TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa sasa kebo zote mbili nimezichomoa pande zote. Zilizomo ndani ya paipu sijazigusa, mje mzione kama mlivyoziacha.

Wako,
Mteja